Maneno Yalipitia kwa Alzira

Simu ililia wakati wa kumenya mihogo. Alzira alikuwa mkekani na kisu chake, na mumewe, mzee Zefania Nhampossa, alikuwa amekaa juu ya kiti chake cha kukunja akimwelekeza namna mihogo inavyomenywa. Aliyepiga alikuwa binti yao Herminia, mkunga huko Tete. Zefania akaweka spika ili kila mtu asikie, maana mdogo wake Amosi naye alikuwepo na kata yake ya tembo la mnazi.

"Baba, wanakuja! Wakwe zako, Wazambia. Wamesema Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, na mahari wanaleta."

Alzira akapiga kigelegele, kisu kikiwa bado mkononi, kuku wakatawanyika uani.

"Ila kuna jambo," Herminia akaendelea. "Kireno hawakijui, na Kitswa chetu ndiyo kabisa. Wana Kibemba chao na Kiingereza, basi. Mimi siku hiyo nitakuwa nimefungiwa chumbani, na Bwalya ndiye muoaji, haruhusiwi kufungua kinywa. Sasa mtasemezana vipi?"

"Yule mwalimu wa Maxixe anakodiwa," Amosi akasema. "Metikali elfu mbili na chakula cha mchana."

"Elfu mbili!" Zefania alikaa wima. "Nikodi mdomo wa mtu, na wangu upo? Miaka ishirini na mitatu migodini kule Joni, Amosi, ulidhani nilikuwa nachimba dhahabu kwa ishara?"

Huko Tete, Herminia akacheka kwa furaha. "Nilijua! Nimeshawaambia: baba yangu anaongea Kiingereza kuliko walimu wangu wote. Mjomba wao ndiye mshenga, mzee Kapembwa, ana hamu kweli ya kukutana nawe."

"Mwambie na mimi nina hamu," Zefania akasema, na mhogo wote aliokuwa akitafuna ukamkauka mdomoni.

Kwani ukweli, na ukweli haujifichi kwa kuwa mtu ana kiti cha kukunja, ni kwamba Zefania hakujua Kiingereza. Alichojua ni ile lugha ya machimbo, Fanagalo, iliyokorogwa ili mzungu mmoja aweze kuwafokea watu wa makabila kumi kwa mpigo. Njoo hapa, kaa chini, shika sururu, fanya haraka. Alipofika Joni kijana wa miaka ishirini alidhani hicho ndicho Kiingereza. Mwaka wa pili akagundua kwamba mabosi wakiwa wenyewe kwa wenyewe huzungumza kitu kingine kabisa. Lakini alipokuja likizo, na kijiji kizima cha hapa Homoine kimekwisha kumwita Mwingereza, afanyeje? Alinyamaza. Akanyamaza miaka yote hiyo. Watu walimletea maboksi ya dawa awasomee, naye alikuwa akiyatikisa, akiyanusa, na kutoa hukumu.

Kitu kimoja tu cha Kiingereza alikirudisha kutoka Joni pamoja na sanduku, kiti na redio ya kaseti. Nyimbo. Alikuwa nazo arobaini kichwani, za gitaa na vilio, alizozisikia katika redio ya bweni la wachimbaji mpaka akazimeza. Alizijua zote mwanzo hadi mwisho, na hakujua hata neno moja maana yake.

Jioni ile Alzira aliandaa matapa, kisamvu cha nazi chenye kaa wa baharini, na Zefania akayasukuma pembeni.

"Umesukuma kaa?" Alzira akasema. "Haya, nani kafa?"

"Mke wangu." Aliangalia mlangoni kama mwizi. "Mimi Kiingereza sikijui."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Najua hukijui. Tangu ile chupa uliyosema ni dawa ya kikohozi, tukamnywesha Amosi vijiko vitatu, kumbe ni sabuni ya kuogeshea mbwa. Padri ndiye aliyeniambia. Amosi mpaka leo anakusifu, anasema kikohozi kilikoma."

Zefania alitamani ardhi ipasuke. "Na nani mwingine anajua?"

Alzira aligeuza tu macho kuelekea ukuta wa matete wa jikoni, na nyuma ya ukuta ule mtu akakohoa kidogo, kikohozi cha adabu.

Alikuwa Ofelia, mkamwana wao, mke wa Armando aliyekuwa kazini Maputo. Huyu alimaliza darasa la kumi na mbili na aliwahi kufanya kazi ya mapokezi katika hoteli ya watalii. Lakini katika miaka sita ya kuishi ua mmoja, Zefania hakuwahi kumtazama usoni zaidi ya kupepesa jicho, wala yeye hakuwahi kumsemesha baba mkwe wake ana kwa ana. Mkamwana wa kwetu hupiga magoti, huinamisha kichwa, na akikutana na mkwe njiani hupisha mpaka majanini. Akiwa na neno, hulipitisha kwa mama mkwe.

"Anajua tangu wiki ya kwanza ya ndoa yake," Alzira akasema. "Si unakumbuka lile gari la watalii lililosimama hapa kuuliza njia ya baharini? Uliwafokea fokea pale ukawatuma Panda, bara kabisa. Wakarudi kesho yake vumbi limewajaa mpaka kwenye nyusi. Mtoto alisikia yote, na hajamwambia mtu, hata mumewe."

Zefania alifunika uso kwa mikono. Miaka sita! Kumbe kila alipokuwa akijidai pale barazani, kulikuwa na sikio nyuma ya matete linalomsitiri.

Alzira alinyanyuka, akaenda jikoni, ukasikika mnong'ono, akarudi. "Anasema hivi, kama baba hatakasirika. Zile nyimbo zako zina Kiingereza cha kutosha kuwakaribisha wakwe. Maneno tayari unayo mdomoni. Kilichokosekana ni maana, na maana yeye atakupa."

"Atanipa vipi? Tutakaa meza moja kama wanafunzi? Watu watasemaje?"

"Meza ya nini? Mimi si nipo?"

*

Masomo yakaanza kesho yake saa kumi alasiri, na sijui kama kuna shule nyingine duniani iliyowahi kuendeshwa namna hiyo. Zefania alikaa barazani kitini, redio mapajani. Ofelia alikaa ndani ya jiko na kamusi yake ya shule na ungo wa karanga za kubambua. Na katikati, mkekani, mgongo kwenye matete, Alzira. Zefania aliimba mstari. Alzira akaurudia kuelekea jikoni. Ofelia akausahihisha, akatoa maana, na Alzira akaibeba maana kurudi barazani.

Mstari wa kwanza kabisa ulileta balaa.

Zefania aliimba. Alzira akarudia. Jikoni karanga zikanyamaza.

"Vipi?" Zefania akauliza. "Hajui?"

"Anajua. Ngoja." Alzira akatega sikio kwenye matete. "Ofelia, una hakika? Ee Mungu wangu. Baba Armando, unasema hivi: nibusu tena, dalingi, kabla taa haijazimwa."

Zefania alizima redio kama iliyoshika moto. "Tuchukue wimbo mwingine!"

Wimbo mwingine ulikuwa mbaya zaidi. Wa tatu ulitaja shingo. Mzee wa watu alikuwa akitoka jasho barazani, mkamwana amejifunika leso yake ya kapulana mpaka machoni huko jikoni, na Alzira peke yake katikati anacheka mpaka mbavu zinamuuma.

"Mnaona haya ya nini?" akasema alipopata pumzi. "Yeye hakuambii wewe, ananiambia mimi. Na wewe humwimbii yeye, unaniimbia mimi. Tena ni haki yangu, miaka arobaini sijaambiwa. Haya, rudia hapo kwenye shingo."

Basi ikawa hivyo. Kila neno la mapenzi lililotoka kwa mkwe lilioshwa kwanza kinywani mwa Alzira kabla ya kufika kwa mkamwana, na kila maana iliyotoka kwa mkamwana ilioshwa tena wakati wa kurudi. Wiki ya pili Ofelia akatuma somo la sarufi. Akasema, nyimbo za kulia ni za jana: alinipenda, alinishika mkono, akapanda treni. Nyimbo za kutongoza ni za kesho: nitakujengea, nitakuoa, sitakuacha. Sikiliza tu kama anayeimba anatokwa na machozi au anachezea ndevu, utajua kitenzi kimekaaje.

Alzira, ambaye hajui kusoma hata jina lake, alilipenda somo hilo kuliko yote. Alileta makapu mawili, na kila wimbo ukiisha alitupa bunzi moja la mahindi katika kapu la jana au la kesho. Makapu yakajaa.

"Na za leo ziko wapi?" akauliza siku moja. "Hakuna mtu anayependa leo?"

Ofelia akafikiri. "Za leo, mama, ni chache. Watu wa leo wana kazi, hawana nafasi ya kuimba."

Katika nyimbo arobaini walipata mmoja tu, wa mtu anayekoroga chungu huku mvua inanyesha nje, na anamtazama mwenzake na kufurahi. Bunzi lake halikuwa na kapu. Alzira akalichukua akaliweka dirishani.

Siku ya Alhamisi ya wiki ya tatu, ukafika ule wimbo wa harusi. Lazima niseme habari zake. Huo Zefania aliuimba katika kila harusi ya kijiji kwa zaidi ya miaka thelathini. Maharusi walikuwa hawatulii mpaka Mwingereza asimame na kuimba, wake kwa waume walilia kwa utamu wake. Akauimba sasa kwa madoido, akifumba macho. Alzira akaupitisha kipande kwa kipande. Jikoni Ofelia alipekua kamusi, akapekua tena kama anayetafuta maana nyingine, mwisho akamwita mama mkwe wake ndani.

Alzira alirudi midomo imebana. "Ni wa mfungwa," akasema.

"Mfungwa yupi?"

"Yuko jela, anamwomba askari amfungulie akamzike mama yake. Na askari anakataa. Mpaka mwisho anakataa."

Zefania aliiweka redio chini. "Armando na Ofelia nao niliwaimbia huu," akasema kwa sauti ndogo. "Na yeye alikuwa anaelewa?"

"Anasema aliposikia ubeti wa pili alitaka kutoroka. Halafu akakuangalia ulivyokuwa umefumba macho, akaona basi, ni baraka tu imevaa nguo ya mtu mwingine."

Zefania alicheka, akacheka tena, mpaka akasahau aibu yake. Lakini usimdhanie amepona. Usemi wa kuwakaribisha wakwe ulikuwa na sentensi sita, Ofelia amezitengeneza kutoka katika nyimbo tisa, na kila jioni Zefania alikuwa anazijua zote sita. Kila asubuhi zilikuwa zimebaki mbili. Alizirudia akikata kuni, alizirudia akinyoa. Alzira naye alizirudia bila kuombwa: akimfukuza mbuzi kwenye mihogo alimwambia kwa Kiingereza "dalingi, usiende mbali nami," na Zefania akamkosoa matamshi, maana kukosoa alikuwa hajaacha.

"Si hivyo, mwanamke. Unavuta sana."

Nyuma ya matete Ofelia akakohoa. Alzira akasema, "Mkamwana anasema mimi ndiye niliyesema sawa."

*

Jumamosi ilifika na jua kali, hakuna wingu hata la dawa. Gari la kukodi likaingia uani saa nne. Akashuka Bwalya, kijana mpole, macho chini kama desturi inavyotaka. Akashuka shangazi yake, mwanamke mnene mwenye kicheko karibu. Mwisho akashuka mshenga, mzee Kapembwa, umri wake umepita sabini, koti na tai katika joto lile, na mkononi ameshika sahani mbili zilizofunikana, zimefungwa kwa kitambaa cheupe. Mahari ya kwanza, ya kufungulia mlango, ilikuwa ndani.

Ua ulikuwa umefurika. Waliokuja kumwona bwana harusi ni wachache, wengi walikuja kusikia Kiingereza. Wanaume kwenye viti na mabenchi, wanawake mikekani, Herminia chumbani amefungiwa na anachungulia kwenye tundu la ufunguo, Ofelia jikoni nyuma ya matete yake.

Zefania alisimama. Alikuwa amevaa suti aliyoachia kazi machimboni. Sentensi zote sita zilikuwepo, alizihisi kwenye ulimi zikisubiri zamu. Akakohoa. Akafungua mdomo.

"Kwanza wimbo!" Amosi akapiga kelele kutoka kwenye benchi. "Kaka, ule wako wa harusi! Wageni wausikie!"

"Wimbo! Wimbo!" ua mzima ukadakia, na makofi juu yake.

Zefania aliwatazama wageni, watu watatu wanaojua Kiingereza, wanasubiri kwa heshima. Akamwona yule mfungwa, akamwona askari, akaiona jela. Akatafuta sentensi ya kwanza, haipo. Ya pili, haipo. Watu wanapiga makofi. Na katika ule utupu, kitu kilicholala miaka kikaamka chenyewe na kutoka kwa sauti ileile aliyofundishwa nayo:

"Wena! Buya lapa! Hlala panzi! Checha!"

Wewe! Njoo hapa! Kaa chini! Haraka!

Ua ukalipuka kwa vigelegele. Kiingereza kimeanza! Amosi alimpiga jirani yake mgongoni, "Umesikia? Umesikia mambo hayo?"

Mzee Kapembwa hakukaa chini. Aliganda, sahani zake mkononi, na uso wake ukawa kama mlango uliofungwa. Shangazi akashika kifua. Yule mzee akasema maneno kwa Kiingereza, polepole, sauti ya chini, na Zefania hakuambulia hata moja. Kisha akageuka na kuelekea kwenye gari, na zile sahani zikaenda naye.

"Anasema nini?" Amosi akauliza.

"Anasema... anashukuru," Zefania akasema. Akajichukia.

Chumbani Herminia akalia, "Baba, umemwambia nini?" Na hapo ndipo Alzira, aliyekuwa ametega sikio kwenye matete ya jikoni, alipoinuka kutoka mkekani. Hakuwa na haraka. Alijifunga kapulana yake vizuri, akamtazama mumewe.

"Hashukuru," akasema, na kila mtu alimsikia. "Anasema maneno hayo anayajua. Alikuwa kwenye machimbo ya shaba, kabla nchi yao haijapata bendera. Alifokewa hivyohivyo yeye na baba yake. Baba yake alilia. Anasema hakusafiri siku mbili kuja kufokewa tena na mkwe. Zefania, umemwambia mgeni wa watu akae chini haraka kama kibarua?"

Halafu akamgeukia mzee Kapembwa, aliyekwisha kushika mlango wa gari, akamwita kwa Kiingereza.

"Dalingi!"

Yule mzee alisimama. Nadhani mtu yeyote angesimama.

"Dalingi, usiende," Alzira akasema, na Zefania, ambaye kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa akielewa Kiingereza neno kwa neno, alisikiliza mdomo wazi. "Njia ilikuwa ndefu, na mmekuja. Mume wangu moyo wake ni mzuri. Aliishi chini ya ardhi miaka mingi, na huko waliompa maneno walimpa hayo, mengine hawakumpa. Mengine tumeyachukua kwenye nyimbo. Jana mtoto wangu alikuwa mdogo, nilimshika mkono. Kesho atakwenda kwenu. Lakini leo nawatazama, na nimefurahi. Kaeni nami mpaka mvua ikatike."

Mzee Kapembwa alitazama juu. Mbingu nyeupe kwa jua. Alimtazama Alzira, akatazama tena juu, na shangazi ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akakaa mwenyewe mkekani bila kukaribishwa. Na yule mzee, uso wake ukafunguka kidogo kidogo, akasema jambo.

"Anasema tangu mkewe afe hajaitwa hivyo," Alzira akatafsiri. "Na anauliza, wewe ulichimba kina gani?"

Zefania alipandisha mkono wa suti, akaonyesha kovu la mkono wa kulia, mahali jiwe lilipomwangukia. Mzee Kapembwa akarudi hatua kwa hatua mpaka mbele yake, akaweka sahani chini, akavua kiatu. Kidole gumba hakikuwepo. Wazee wale wawili wakatazamana makovu. Kisha Kapembwa akamnyooshea Zefania kidole na kufoka kwa sauti ya bosi, macho yanacheka: "Wena! Checha!" Zefania akaruka na kusimama kama gogo, na wote wawili wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Pale uani mtu wa kwanza kuelewa alikuwa Amosi.

"Kaka, ngoja kwanza. Kwani kile ulichosema mwanzo si Kiingereza?"

Pale palikuwa na mwanya mdogo wa kupenya, na Zefania aliuona. Mke amemfungulia njia, mgeni anacheka, uongo mmoja tu na jina lake linabaki. Akautazama ule ukuta wa matete.

"Si Kiingereza," akasema. "Ni lugha ya kufokewa. Kiingereza sijawahi kukijua, Amosi, hata siku moja. Ninyi mliniita Mwingereza nikaona raha, nikanyamaza. Anayekijua ni mkamwana wangu, na sasa naona na mke wangu."

Watu wakaguna. Amosi alikuwa bado anapiga hesabu zake. "Na ile dawa ya kikohozi?"

"Tutaongea kesho."

"Kaka! Nilikunywa nini?"

"Nimesema kesho!"

Vicheko vikatawala, na vilipotulia mzee Kapembwa alikuwa amekaa, sahani zake mapajani, anasubiri mtu wa kuzungumza naye. Alzira bado alikuwa amesimama, mikono haijui pa kwenda. Ndipo Zefania alipokwenda barazani akachukua kiti chake cha kukunja. Tangu kilipotoka Joni, katika kile kiti hakuwahi kukaa mtu mwingine, hata Armando mwanawe. Akakifungua mbele ya mshenga, akakifuta kwa mkono wa suti.

"Kaa," akamwambia mkewe.

"Mimi?" Alzira akasema. "Humo?"

"Mshenga haongei na mtu aliyesimama. Kaa, mama Armando. Na usivute sana maneno."

Alikaa. Zefania akaenda akajikunja mkekani pale penye alama ya mgongo wa mkewe, kwenye matete ya jikoni. Mazungumzo yakaenda mpaka jua likapinda, na kila Alzira alipokwama alitupa jicho kwa mumewe, na Zefania akageukia ukuta na kuuliza taratibu, "Mkamwana, anasemaje hapo?" Ofelia akajibu naye moja kwa moja, bila kukohoa kwanza, kwa kuwa kazi ilikuwa nyingi na njia ya zamani ilikuwa imekaa kitini inaongea na wageni.

Mahari ikapokelewa. Herminia alipotolewa aulizwe kama anamkubali Bwalya, alikuwa analia na kucheka, na jibu lake halikuhitaji mkalimani. Wimbo uliimbwa pia, ule wa chungu na mvua. Aliuanzisha Zefania, na Wazambia wakaitikia.

*

Wiki iliyofuata gari la watalii lilisimama mbele ya ua, kijana wa kizungu akatoa kichwa dirishani na kuuliza jambo. Zefania alikuwa barazani anamenya mihogo. Mazoea yakamtuma, alinyanyuka, akavuta suruali, akasafisha koo, na jikoni karanga zikanyamaza zikimsubiri.

Alimtazama yule kijana. Akaitazama njia ya Panda, na vumbi lake.

"Alzira!" akaita kwa nguvu, mpaka majirani wakasikia. "Njoo, mama, una wageni!"

Akafungua kiti, akarudi kwenye mihogo yake, na nyuma ya matete mkamwana wake akacheka kwa sauti, bila kujificha, na yeye akacheka naye.